Mji wa Wangojao: Historia ya Bagamoyo kwa Mgeni wa Siku Mbili

Bagamoyo, mji ulioko Mrima, yaani ule ukanda wa pwani ya bara unaoelekeana na Unguja, ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki kuanzia 1888 hadi 1891. Miaka hiyo mitatu, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya vita, ndiyo iliyoupa mji huo cheo cha mji mkuu wa kale, na ndiyo inayowavuta wakazi wengi wa Dar es Salaam, iliyo kilomita zipatazo 70 kusini yake, wafunge safari ya Jumamosi na Jumapili kwenda kuutazama. Safari yenyewe haina uzito, kwa kuwa barabara ni ya lami na magari hayakosekani. Kazi iko katika kuzigawa saa za siku mbili kwa haki, kwa sababu majengo yanayoonekana kwanza siyo yanayoeleza vyema mji ulivyokuwa, na mgeni anayefuata ukubwa wa kuta huondoka akidhani kwamba Bagamoyo ulisimamishwa na serikali. Ukweli ni kwamba mji huo ulikua kwa riziki ya watu waliokuwa wakingoja: wapagazi waliongoja mizigo, matajiri waliongoja pembe, misafara iliyongoja mvua ikatike, na majahazi yaliyongoja upepo na maji. Serikali ilikuja mwishoni, ikakaa kidogo, ikahama.

Kwa hiyo ratiba yenye maana huanzia nje ya mji, Kaole, kilomita kama 5 kusini, mahali ambapo wageni wengi hupafikia jioni ya siku ya pili wakiwa wamekwisha choka. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi yapatayo 22 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na msikiti ulio mkongwe zaidi kati ya hiyo miwili huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, hivyo kuwa miongoni mwa ya kale kabisa katika pwani ya bara. Baadhi ya makaburi yana minara, yaani nguzo ndefu za mawe zilizosimamishwa upande wa kichwani, ambazo wajenzi walizipamba kwa kuzikandikia vibakuli vya kigeni vilivyoletwa na biashara ya bahari. Kaole ilikuwa bandari. Leo kati yake na bahari pamesimama msitu wa mikoko, kwa sababu mchanga na tope vilijaza ghuba yake kidogo kidogo mpaka vyombo vikashindwa kuingia, na wenyeji wakahamia kaskazini. Mgeni anapaswa pia kujua kwamba mahali hapo hapajafa: kaburi linaloitwa la Sharifa bado huendewa na watu wenye nadhiri na maombi, na wanaofika na kamera hawana budi kuwapisha hao kwanza.

Waliouanzisha mji uliofuata walikuwa Washomvi, ukoo wa pwani uliojinasibisha na Washirazi, ambao majumbe wao walitawala vijiji vya ufuoni kwa biashara ya chumvi, samaki na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti uchimbwao ardhini na kutumiwa kutengenezea vanishi. Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba Washomvi, walipovamiwa na Wakamba, waliokolewa na Wazaramo chini ya kiongozi wao aliyeitwa Pazi, na kwamba tangu hapo walikubali kuwalipa Wazaramo hao ada ya kila mwaka. Iwe masimulizi hayo yana chumvi au hayana, yanaonyesha jambo ambalo majengo hayalionyeshi, kwamba Bagamoyo tangu mwanzo ulikuwa mji wa mapatano kati ya wenye bahari na wenye bara, na kwamba kila aliyekuja baadaye, awe Mwomani, Mhindi au Mjerumani, aliukuta mfumo huo wa ada na heshima na akalazimika ama kuingia ndani yake ama kuuvunja.

Masultani wa Busaidi, waliohamishia enzi yao Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walichagua kuingia ndani yake. Waliweka liwali, yaani mwakilishi wa Sultani, pamoja na kikosi kidogo cha askari wa Kibulushi, na ushuru wa forodha wakaukodisha kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, kwanza nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan. Lakini majumbe wa Kishomvi waliendelea kupokea ada zao kutoka kwa kila msafara ulioteremka. Chini ya mpango huo Bagamoyo uligeuka kuwa kichwa cha njia kuu ya misafara, iliyopita Ugogo hadi Tabora na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, njia inayokadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 1,200 na ambayo kwa upande mmoja ilifika Manyema katika Kongo na kwa upande mwingine ilifika Buganda.

Hapa ndipo historia ya mji huo inapokuwa nene, na hapa ndipo mgeni anapaswa kutumia sehemu kubwa ya Jumamosi yake. Biashara ilitegemea migongo na mabega ya watu, kwani mbung'o, yule nzi anayeua ng'ombe na farasi, alifanya wanyama wa kubebea mizigo wasiweze kupita. Wabebaji hao, walioitwa wapagazi, wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma walioteremka wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakiwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na walioihesabu safari ya pwani kuwa sehemu ya kukomaa kwa kijana. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16, bila kuhesabu mkeka, sufuria na vitu vyake mwenyewe mpagazi. Mbele yao alitangulia kirangozi, kiongozi aliyejua njia, visima na tabia za watemi wa njiani, na ambaye mavazi yake ya manyoya na vitambaa vyekundu yalimtambulisha kwa mbali. Walipofika walileta pembe za ndovu. Walipoondoka walichukua merikani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyoitwa hivyo kwa kuwa kwanza ilitoka Marekani, pamoja na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti.

Kati ya kufika na kuondoka palikuwa na wiki, na mara nyingine miezi. Pembe zilipaswa kupimwa na kubishaniwa bei, nguo zilipaswa kukatwa na kufungwa mitumba, deni la msafara uliopita lilipaswa kumalizwa kabla ya mkopo mpya kutolewa, na kiongozi wa msafara hakuweza kuondoka mpaka amepata idadi ya watu aliyoihitaji. Muda wote huo wapagazi, waliofika Bagamoyo kwa makumi ya maelfu katika mwaka mmoja mwishoni mwa karne, walikula, walilala, walicheza ngoma, walinunua nguo, waliugua, waliposa na kugombana, wakilipwa posho, yaani chakula cha kila siku au thamani yake, na kusubiri ujira uliohesabiwa kwa reale, sarafu ya fedha ya Maria Theresa, na baadaye kwa rupia. Wenye nyumba za makuti walipangisha vyumba, wanawake wa mjini walipika na kuuza pombe na vitumbua, wavuvi walipata soko, na wakulima wa bonde la Ruvu walileta mpunga. Tajiri mkubwa wa kazi hiyo alikuwa Sewa Haji Paroo, Mwismaili aliyekodisha wapagazi na kuandaa misafara ya wafanyabiashara, wamisionari na serikali, na ambaye kabla ya kufa kwake 1897 alitoa sehemu ya mali yake kwa hospitali na shule. Jengo liitwalo Caravanserai, lenye ua mpana wa ndani uliozungukwa na vyumba, linahifadhiwa leo kama kumbukumbu ya misafara hiyo. Lakini ua mmoja hauwezi kuwa ulichukua umati uliotajwa hapa, na mgeni mwenye kufikiri ataelewa kwamba Caravanserai halisi ilikuwa mji mzima pamoja na viunga vyake.

Habari hizo za wapagazi zinahitaji kusemwa kwa sababu hadithi inayouzwa zaidi kwa wageni ni ya utumwa peke yake. Utumwa ulikuwapo Bagamoyo, tena kwa ukatili: watu walinunuliwa bara, wakafungwa minyororo, wakavushwa Unguja, na wengine walibaki kulima mashamba ya minazi na kutumika majumbani hata baada ya Sultani Barghash kutia saini, mwezi Juni 1873, mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Hata hivyo bandari iliyoongoza kwa kusafirisha watumwa ilikuwa Kilwa, ilhali Bagamoyo uliishi zaidi kwa pembe za ndovu, na mtu aliyebeba pembe kutoka Tabora alikuwa mara nyingi Mnyamwezi aliyepatana ujira wake mwenyewe. Kumgeuza kila mpagazi kuwa mtumwa, kama wafanyavyo baadhi ya waongozaji, ni kumnyang'anya mtu huyo jina lake na kazi yake mara ya pili.

Asubuhi ya Jumapili inafaa kupewa Misheni ya Wakatoliki, kaskazini mwa mji, ambako njia ndefu ya miembe inaongoza mpaka makanisa mawili, la zamani na la sasa, makaburi ya mapadri na nyumba ya masista iliyogeuzwa makumbusho. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, wakiongozwa na Padri Anton Horner, walianza kazi hapo 1868 kwa idhini ya Sultani Majid, na kimbunga cha Aprili 1872 kiliwabomolea sehemu kubwa ya walichojenga. Waliwanunua watumwa, hasa watoto, kutoka soko la Unguja, wakawafundisha dini na ufundi, wakawaozesha na kuwaweka katika kijiji chao cha uhuru. Uhuru huo ulikuwa na kengele, ratiba na adhabu zake, na wapo waliotoroka; bado, vita dhidi ya Wajerumani vilipoingia mjini 1888, ua wa misheni ndio uliowapa hifadhi wakimbizi wa kila upande, kwa kuwa mapadri walikataa kuegemea upande wowote. Mbuyu uliopandwa siku za mwanzo bado umesimama hapo, nao husimuliwa kwamba ulimeza mnyororo ambao bibi mmoja wa Kifaransa aliutumia kumfungia punda wake.

Wasafiri wa Ulaya waliopitia Bagamoyo wametajwa vya kutosha mahali pengine, na hapa itoshe kusema kwamba Burton na Speke waliondokea Kaole 1857, kwamba Stanley aliondoka na msafara wake 1871 kumtafuta Livingstone, na kwamba wamisionari wa kwanza wa shirika la Mapadri Weupe waliokwenda Uganda walijikusanyia wapagazi wao hapo 1878, nao wote walilalamika juu ya jambo lile lile, kungojeshwa. Safari inayostahili kukumbukwa zaidi ni ile iliyokuja kinyume. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi kadhaa mpaka pwani, na Februari 1874 wakaufikisha katika misheni hiyo, ulikolala kabla ya kupakiwa melini. Kati ya watu hao, aliyepewa nafasi ya kuusindikiza mwili hadi Uingereza alikuwa Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi, walioongoza kazi yote, waliachwa pwani na kufika huko baadaye, maziko ya Westminster Abbey yakiwa yamekwisha kupita. Mnara wa kanisa la zamani unaitwa kwa jina la Livingstone.

Makao makuu yalikuja kwa njia ya mkataba. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha forodha ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Agosti mwaka huo kampuni ilipochukua madaraka ilitaka bendera yake ipepee kando ya ile ya Sultani, na nguzo ya bendera iliyokuwa kwa liwali ikakatwa. Kwa watu wa pwani hiyo haikuwa hoja ya kitambaa tu. Ada za majumbe, haki za wenye ardhi na mapatano yote ya vizazi yaliyoelezwa hapo juu yalikuwa yamefutwa kwa siku moja na maofisa wachache waliojiona wenye nchi. Vita vilivyozuka, ambavyo Hemedi bin Abdallah el Buhriy alivitungia utenzi, viliongozwa Pangani na Bagamoyo na Abushiri bin Salim al-Harthi na huko Saadani na Bwana Heri. Bagamoyo ulishambuliwa Septemba 1888, kampuni ikanusurika kwa msaada wa mabaharia wa manowari, na viunga vya mji vikaungua. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na askari waliokusanywa Misri na Msumbiji. Mei 1889 akalivunja boma la Abushiri karibu na mji, na Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Hiyo ndiyo serikali iliyokaa Bagamoyo: kampuni iliyozingirwa, kisha kamanda wa vita.

Kwa nini ilihama 1891 ni swali ambalo mgeni anaweza kulijibu kwa macho yake, mradi aende ufukweni wakati ufaao. Katika siku za bamvua, yaani maji makubwa yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Bagamoyo hukupwa ikaacha uwanda mrefu wa mchanga ambao mtu anaweza kuutembea mbali sana kabla ya kulowa magoti. Kwa jahazi hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa chombo cha kina kifupi hupandishwa maji yakijaa, huegeshwa mchangani yakikupwa, hupakiwa na watu waliosimama nchi kavu, na kungoja maji yajayo. Meli ya mvuke haikuweza kungoja hivyo. Ilitia nanga mbali, na kila sanduku likashushwa kwa mashua. Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid alianza kuijenga katika miaka ya 1860 na ambayo warithi wake waliitupa mkono, ilikuwa na bandari yenye kina iliyofichika ndani ya mlango mwembamba. Nchi ilipowekwa rasmi mikononi mwa serikali ya Ujerumani mwanzoni mwa 1891, gavana wa kwanza, Julius von Soden, aliweka makao yake huko.

Kinachoshangaza ni kwamba Boma, lile jengo la ghorofa lenye matao ambalo karibu kila mgeni hupiga picha mbele yake akiamini kuwa ni ikulu ya mji mkuu, lilijengwa 1897, miaka sita baada ya makao makuu kuondoka. Lilikuwa ofisi ya wilaya. Forodha ya ufukweni nayo ni ya 1895. Sababu ni kwamba kuondoka kwa gavana hakukuupunguzia mji chochote cha maana: misafara iliendelea kuja, pembe ziliendelea kupimwa, na Wajerumani walijenga majengo yao makubwa kwa ajili ya ushuru wa biashara waliyoikuta. Kilichouangusha Bagamoyo kilikuwa reli. Njia ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria 1901 na kuvuta bidhaa za kaskazini, kisha reli ya kati iliyoanza Dar es Salaam 1905 ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mizigo iliyokuwa ikibebwa mabegani kwa miezi mitatu ikawa inapita kwa siku chache bila kuugusa mji. Waingereza walipouteka Agosti 1916, waliuteka mji uliokwisha kukosa wageni.

Waliobaki waliufanya mji wa elimu na dini, na upande huu ndio usiotajwa kabisa katika ratiba nyingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu chake juu ya desturi za Waswahili, kilichochapishwa 1903, bado ndicho chanzo bora cha kuujua mji huo jinsi wenyewe walivyouona. Alifariki Berlin 1927. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa wa Amir bin Sulayman al-Lamki, liwali wa mji, akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kadiria, yaani ile njia ya Kisufi yenye zikri ya pamoja, na hadi kifo chake 1931 Maulidi yake yalikuwa yakiwakusanya watu kutoka pwani na bara. Njia ile ile iliyomshusha akiwa bidhaa iliwaleta wanafunzi wake wakiwa mahujaji, na kwa muda wa siku za Maulidi mji ukawa tena na umati wa kulisha na kulaza. Tangu 1981 chuo cha sanaa, kijulikanacho sasa kama TaSUBa, kimeongeza sababu nyingine ya kuja, kwa tamasha lake la kila mwaka la ngoma, muziki na maigizo.

Anayepanga safari yake basi na aepuke masika ya Machi hadi Mei, awaulize wavuvi saa za maji kabla ya kuchagua tarehe, alipe kiingilio cha Kaole katika ofisi iliyopo na kudai stakabadhi, avae nguo za heshima kwa kuwa misikiti na misheni zote zina wenyewe, na amuulize mwongozaji habari za wapagazi kabla ya kumuuliza habari za minyororo. Mwenye siku moja tu aanze Kaole mapema, afike misheni kabla ya adhuhuri, na alasiri aitenge kwa ajili ya mitaa ya zamani na ufukwe. Boma halihitaji zaidi ya nusu saa.